Kuomba uraia wa Marekani wakati I-751 bado haijajibiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waliopata ukaazi wa Marekani kwa njia ya ndoa, wakapewa kadi ya ukaazi (green card) ya miaka miwili yenye masharti, wakatuma I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo, na tangu hapo kimya. Mwaka wa tatu unakaribia. Shemeji anasema tuma N-400, fomu ya maombi ya uraia, rafiki wa kazini anasema usithubutu. Majibu haya ni ya jumla. Mwenye kesi ya jinai, ndoa iliyovunjika au wito wa mahakama ya uhamiaji amwone wakili kabla ya kutuma chochote.

Nitajuaje kama kadi yangu ni ya masharti?

Itazame. Ikiwa muda wake ni miaka miwili tu, na sehemu ya kundi imeandikwa CR1 (uliingia na viza ya ubalozini) au CR6 (ulibadilisha hadhi ukiwa tayari Marekani), basi ni ya masharti. Hupewa mtu ambaye siku anapata ukaazi ndoa yake ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Utaratibu huu ulianza na sheria ya mwaka 1986 iliyolenga ndoa za kughushi. Haki zako ni zile zile za mkaazi wa kudumu mwingine: unafanya kazi, unasafiri, na siku zako zinahesabiwa kuelekea uraia.

Waliokuja kama wakimbizi, kwa mfano ndugu zetu wengi wa Kongo, na walioshinda bahati nasibu ya viza, hawana masharti haya. Wao hawahitaji I-751.

Je, naweza kutuma N-400 kabla I-751 haijajibiwa?

Ndiyo. Hakuna sheria inayokulazimisha usubiri. Kitu kisichowezekana ni kuapishwa kabla ya masharti kuondolewa: ofisa lazima aiamue I-751 kwanza, au aziamue zote mbili kwa pamoja.

Tuchukue tarehe za mfano. Dada amepata ukaazi tarehe 10 Machi 2023, kwa hiyo kadi yake inaisha 10 Machi 2025. Dirisha la kutuma I-751 pamoja na mumewe linafunguka siku 90 kabla, yaani 10 Desemba 2024. Miaka mitatu ya ukaazi, inayotakiwa kwa mwenzi wa raia kuomba uraia, inatimia 10 Machi 2026, na kwa kuwa sheria inaruhusu N-400 kutumwa hadi siku 90 kabla, anaweza kuituma kuanzia 10 Desemba 2025. Mwaka mmoja tu baada ya I-751. Ndiyo maana watu wengi hujikuta na maombi mawili mezani kwa wakati mmoja: la kwanza linachelewa, la pili muda wake unafika.

Tahadhari moja kuhusu zile siku 90: hesabu siku, usihesabu miezi. Ukituma siku 91 kabla, umetuma mapema, na ombi linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu.

Nikituma N-400, si naweza kuachana na I-751 kabisa?

Hapana, na swali hili limewaponza wengi. N-400 haiondoi masharti. Usipotuma I-751 ndani ya muda, ukaazi wako unakoma wenyewe siku kadi inapoisha, na mtu asiye mkaazi wa kudumu hana pa kusimamia kuomba uraia. Aliyechelewa bado anaweza kutuma akiambatisha maelezo ya maandishi ya sababu nzito iliyomchelewesha, pamoja na ushahidi wake, kama cheti cha hospitali. "Nilisahau" si sababu nzito.

Wapo wachache wanaohudumiwa na vifungu vya pekee, kama wenzi wa raia walioajiriwa na serikali ya Marekani nje ya nchi. Kama huyo si wewe, tuma I-751.

Kuna faida gani ya kutuma N-400 wakati ile nyingine imelala?

Mara nyingi inaiamsha. Maombi ya uraia huishia ofisi ya karibu na unakoishi, mbele ya ofisa wa kuonana naye ana kwa ana, na ofisa huyo hawezi kuyamaliza bila kuligusa faili la I-751. Kwa hiyo watu wengi huitwa kwenye usaili mmoja unaobeba yote mawili. Wapo wanaopata jibu la I-751 wiki chache kabla ya usaili wa uraia, na wapo wanaoambiwa siku hiyo hiyo dirishani kwamba zote mbili zimepita.

Lakini N-400 hufungua maisha yako yote mezani: safari, kodi, faini, kukamatwa hata kama ulifutiwa kesi, ndoa za zamani, majibu uliyoandika kwenye fomu ya viza miaka ile. Tangu Agosti 2025 maofisa wameelekezwa wapime mwenendo mwema kwa kutazama maisha ya mtu kwa ujumla, wasiishie kwenye kuhakikisha hana kosa. Maoni yangu: kama ndoa ipo, mnaishi pamoja, kodi zimelipwa na rekodi yako ni safi, usipoteze mwaka ukisubiri. Kama mojawapo ya hayo lina ufa, tulia, pata wakili, kisha uamue.

Natumia kanuni ya miaka mitatu au mitano?

Ya miaka mitatu inataka mambo manne kwa pamoja: umekuwa mkaazi wa kudumu miaka mitatu, mwenzi wako amekuwa raia miaka yote hiyo mitatu, mmeishi pamoja kama mume na mke kwa kipindi hicho chote hadi unatuma, na ndoa bado ipo hadi siku ya kiapo. Angalia hilo la pili. Kama mumeo mwenyewe aliapa uraia mwaka jana, huna miaka mitatu hata kama ndoa yenu ina kumi.

Ya miaka mitano haiulizi habari za ndoa. Ila kama I-751 yako bado iko wazi, swali la ndoa litakufikia kwa mlango huo.

Kwa zote mbili, nusu ya muda lazima uwe umeukaa ndani ya Marekani kimwili: miezi 18 kwa miaka mitatu, miezi 30 kwa mitano. Na uwe umeishi angalau miezi mitatu katika jimbo au wilaya ya USCIS (idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani) unapoombea.

Usaili wa pamoja unakuwaje? Mume wangu aje?

Soma barua ya wito neno kwa neno. Ikitaja I-751 au ikisema mwenzi afike, afike. Ikiwa haisemi, mlete tu kama anaweza kuomba ruhusa kazini. Kukaa kwake chumba cha kusubiria saa mbili bila kuitwa ni afadhali kuliko ofisa kumhitaji akawa yuko zamu kilomita hamsini kutoka hapo.

Ofisa huanza na kiapo cha kusema kweli, mkiwa mmesimama, mkono wa kulia juu. Kisha hupitia N-400 mstari kwa mstari, na hapo ndipo anapopima Kiingereza chako cha kuongea. Wengi hudhani mtihani haujaanza, kumbe umeanza. I-751 ikiingia, maswali yanageuka: mlikutana wapi, nani anaamka kwanza, kodi ya nyumba inalipwa na nani, Idi au Krismasi iliyopita mlikuwa wapi. Wengine hutenganishwa na mwenzi na kuulizwa maswali yale yale.

Msikariri majibu. Wanandoa wa kweli hupishana vitu vidogo kila siku. Wanaokariri ndio hulingana hadi rangi ya taulo.

Vitu vya kubeba ni vile vilivyozaliwa baada ya kutuma I-751. Ile bahasha ya awali inaonyesha ndoa ilivyokuwa siku hiyo. Ofisa anataka kuona miezi iliyofuata. Nakala rasmi za kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, zinazoonyesha mmejaza kama wanandoa, mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, taarifa za benki za akaunti ya pamoja zenye matumizi halisi (akaunti iliyofunguliwa wiki iliyopita yenye dola 50 haimshawishi mtu), bima ya afya na ya gari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha chache za miaka tofauti. Na kama tunavyoishi wengi wetu, kama nyumba ina mama mkwe, shemeji na binamu aliyekuja kusoma, andikeni hivyo wazi. Kuishi ukoo mzima si dosari. Kumficha mtu anayepokea barua kwa anwani yenu ndiko kunakoleta mashaka.

Cheti chochote cha Kiswahili, Kifaransa au Kirundi kiambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, yenye tamko lililosainiwa na mtafsiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Si lazima awe mtafsiri wa serikali, ila asiwe wewe mwenyewe.

Kadi yangu imeisha. Naweza kufanya kazi na kusafiri?

Unaweza, kwa kutumia ile risiti ya I-751, karatasi iitwayo I-797. Tangu Januari 2023 risiti hiyo inaongeza muda wa kadi kwa miezi 48 kuanzia tarehe ya kuisha. Kwa dada wa mfano wetu, kadi iliyoisha 10 Machi 2025 inaendelea kufanya kazi hadi 10 Machi 2029, mradi aioneshe pamoja na barua hiyo ya I-797.

Kazini shida huwa ni ofisa ajira ambaye hajawahi kuiona. Mpe kadi na barua kwa pamoja, mwonyeshe mstari wa miezi 48, na umwombe asome mwongozo wa fomu I-9, ile ya mwajiri ya kuthibitisha ruhusa ya kazi, kabla hajakusimamisha.

Uwanja wa ndege ndiko kwenye mtihani hasa, tena si Marekani bali nyumbani. Umesimama Dar es Salaam au Nairobi usiku, dada wa kaunta anaigeuza kadi, anaona tarehe imepita, anatikisa kichwa na kumwita msimamizi. Usipandishe sauti. Toa barua halisi, si picha ya simuni, mwoneshe kwamba namba yako ya uhamiaji (namba ya A) kwenye barua inalingana na ya kwenye kadi, na umwombe msimamizi afungue mwongozo wa mamlaka ya mipaka ya Marekani, CBP, kwa mashirika ya ndege; barua hiyo imo. Fika uwanjani muda wa saa nne kabla ya safari badala ya saa tatu. Anayepita nchi ya tatu ajue mazungumzo hayo yanaweza kurudiwa huko. Na barua isiwekwe kwenye sanduku la kupakiwa.

Miezi 48 ikikaribia kwisha bila jibu, piga simu USCIS, 800-375-5283, uombe muhuri wa I-551, uthibitisho wa muda wa ukaazi, unaogongwa kwenye pasipoti au kwenye karatasi unayotumiwa nyumbani. Usisubiri wiki ya safari.

Nikienda nyumbani kwa muda mrefu itaniharibia?

Chini ya miezi sita kwa safari moja, kwa kawaida hapana. Ukizidisha miezi sita, USCIS huchukulia kwamba umekatisha makazi yako, na ni juu yako kuonyesha vinginevyo: nyumba uliyoendelea kulipia, mwenzi na watoto waliobaki, kazi uliyoshikiliwa. Ukifika mwaka mzima, hesabu imekatika. Kwa kanuni ya miaka mitatu utasubiri miaka miwili na siku moja tangu urudi.

Linalowapata wengi ni msiba. Mtu anakwenda kuzika, inafuata arobaini, halafu mirathi, mgogoro wa kiwanja unaibuka, na miezi saba imepita. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, weka cheti cha kifo na karatasi za mahakama. Na kwenye N-400 orodhesha safari zote, hata ile ya siku tatu kuvuka mpaka kwenda Kanada. Ofisa anazo kumbukumbu za viwanjani.

Tumeachana. Nifanyeje?

Hapa majibu hutegemea umeachana kwa namna gani.

Kama mmetengana tu, kila mtu na nyumba yake lakini mahakama haijavunja ndoa, kanuni ya miaka mitatu huna tena, kwa sababu hamuishi pamoja. Isipokuwa kutengana huko kumeletwa na kazi au jeshi na si ugomvi. I-751 mliyoituma wote wawili bado ipo, ila ofisa akiuliza mnaishi wapi utajibu kweli, na unahitaji wakili kabla ya siku hiyo.

Kama talaka imetoka mahakamani, I-751 ya pamoja inaweza kugeuzwa kuwa ombi la peke yako. Unaandika barua, unaambatisha hukumu ya talaka, unaeleza kwamba ndoa ilikuwa ya kweli hata kama haikudumu, na unarundika ushahidi wa kipindi mlichoishi pamoja. Talaka haimaanishi ndoa ilikuwa ya uongo. Sheria inalitambua hilo. Uraia wako sasa utasubiri miaka mitano. Kama N-400 ya miaka mitatu ilikuwa tayari imetumwa na talaka ikatoka kabla ya kiapo, haipiti tena kwa kanuni hiyo. Usiende kuapa huku umenyamaza. Uraia uliopatikana kwa kuficha jambo kubwa unaweza kunyang'anywa hata miaka ishirini baadaye.

Kuna swali tunaloulizwa sana na akina dada: "Mume amenitamkia talaka mbele ya imamu hapa hapa Minneapolis, je nimeachika?" Kidini hilo ni lako na imamu wako. Kwa sheria za Marekani hujaachika hadi mahakama ya jimbo itoe hukumu. Talaka ya msikitini iliyotolewa ndani ya Marekani haivunji ndoa ya kiserikali, na ukiandika kwenye fomu "nimeachika" bila karatasi ya mahakama umejichanganya mwenyewe. Andika "nimeolewa", kisha eleza mmetengana tangu lini. Talaka iliyotolewa nyumbani, kwa kadhi wa Zanzibar au Mombasa, hupimwa kwa sheria za huko na kwa kuangalia nyinyi wawili mlikuwa mnaishi wapi wakati huo. Tafuta cheti chake, kisha umwoneshe wakili.

Mume wangu ana mke mwingine nyumbani.

Nenda kwa wakili leo. Marekani haitambui ndoa ya pili wakati ya kwanza ingali hai, na swali la kuwahi kuwa na ndoa zaidi ya moja kwa wakati mmoja limeandikwa wazi kwenye N-400. Anayeishi katika ndoa ya wake wengi ndani ya miaka inayopimwa huhesabiwa hana mwenendo mwema. Kama wewe ndiye uliyeolewa wa pili, tatizo ni kubwa zaidi ya uraia: ukaazi wenyewe ulisimama juu ya ndoa ambayo huenda haikuwa halali kwao.

Mwenzi wangu ananipiga, na anasema nikiondoka atanifutia kadi.

Hana uwezo huo. Unaweza kutuma I-751 peke yako kwa sababu ya kipigo au ukatili mkubwa, wakati wowote, bila sahihi yake na bila kusubiri talaka. Ukatili si ngumi tu: kukufungia ndani, kukunyang'anya pasipoti, kukutishia kwa uhamiaji kila mnapogombana, vyote huingia. Na masharti yakiondolewa kwa njia hiyo, unaweza bado kutumia kanuni ya miaka mitatu ya uraia ingawa hamuishi pamoja. Simu ya taifa ya msaada wa ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, na wana wakalimani.

Mwenzi wangu amefariki I-751 ikiwa bado haijajibiwa.

Peleka cheti cha kifo. Ombi linaendelea kama la peke yako. Kanuni ya miaka mitatu inaondoka, na utaomba kwa mitano.

Gharama ni kiasi gani?

Kwa ada zilizoanza 1 Aprili 2024, I-751 ni dola 750. N-400 ni dola 710 ukijaza mtandaoni na 760 kwa karatasi. Familia ambayo kipato hakizidi mara nne ya kiwango cha umaskini cha serikali huomba ada ya N-400 ya dola 380, ila kwa karatasi tu. Na wenye kipato cha chini zaidi wanaweza kuomba wasilipe kabisa, kwa fomu I-912. Tangu mwisho wa Oktoba 2025 USCIS imeacha kupokea hundi na mani oda za kawaida. Wanaotuma kwa posta hulipa kwa fomu ya kadi, G-1450, au ya benki, G-1650. Tazama ukurasa wa ada siku ile ile unayotuma, maana fomu yenye ada pungufu hurudishwa nzima na muda wako unakwenda.

Yule kaka wa mtaani anayejaza fomu kwa dola 300 hayumo kwenye hesabu hii, na afadhali asiwemo. Akikosea, sahihi iliyopo ni yako. Mtu asiye wakili anayeruhusiwa kukushauri ni yule aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia shirika linalotambuliwa. Mwombe akuoneshe idhini.

Mtihani wa uraia bado ni ule wa zamani?

Aliyetuma N-400 kuanzia 20 Oktoba 2025 anafanya mtihani mpya: maswali ya kujiandaa ni 128, unaulizwa hadi 20, na unahitaji kupata 12. Aliyetuma kabla ya hapo anabaki na ule wa zamani wa maswali 100, anaulizwa hadi 10 na kufaulu kwa 6. Kusoma na kuandika Kiingereza kunabaki. Kanuni za kufanya mtihani kwa Kiswahili ni kwa wenye umri wa miaka 50 na ukaazi wa miaka 20, au 55 na 15. Mwenye kadi ya masharti bado hajafika huko, isipokuwa awe na ulemavu au ugonjwa unaothibitishwa na daktari kwenye N-648, fomu ya kuomba kusamehewa mtihani.

Nimefaulu usaili, wameniambia tu nisubiri I-751. Hadi lini?

Omba karatasi inayoonyesha matokeo ya siku hiyo, iweke. Sheria inaipa USCIS siku 120 baada ya usaili wa uraia kutoa uamuzi. Zikipita, una haki ya kwenda mahakama ya shirikisho ya wilaya yako. Kabla ya kufika huko, wengi huanza na ombi la maulizo mtandaoni, kisha ofisi ya mbunge wao wa Kongresi. Hii ya mbunge watu wetu huiogopa bure. Unasaini fomu ya faragha, mfanyakazi wake anaiandikia USCIS, hulipi senti. Hawezi kuamuru upewe uraia, lakini faili lililosahaulika hutazamwa.

Kama umehama, badilisha anwani kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10, na uhakikishe imebadilika kwenye maombi yote mawili. Barua ya I-751 kwenda nyumba ya zamani wakati ya N-400 inakuja mpya ni jambo la kawaida kabisa.

I-751 ikikataliwa, N-400 inaendelea?

Hapana. Ukaazi unakatishwa, unaandikiwa wito wa mahakama ya uhamiaji, na mtu mwenye kesi ya kuondolewa nchini hawezi kupewa uraia. Hakuna rufaa ya kawaida ya I-751, lakini jaji huipitia upya, na hadi amalize bado una haki ya kuwa na uthibitisho wa ukaazi. N-400 ikikataliwa peke yake, una siku 30 za kuomba kusikilizwa upya kwa fomu N-336, au unaomba tena baadaye.

Watoto wangu je?

Mtoto aliyepata ukaazi pamoja nawe, au ndani ya siku 90 baada yako, anaingizwa kwenye I-751 yako. Mwingine anatuma ya kwake. Ukishaapa, mtoto wako wa chini ya miaka 18 mwenye ukaazi, anayeishi nawe Marekani chini ya malezi yako, anakuwa raia papo hapo bila mtihani. Mume wako kuwa raia hakumsaidii mtoto uliyemleta kutoka ndoa ya kwanza, labda amemuasili.

Mimi ni Mtanzania. Ni kweli maamuzi yamesimamishwa?

Juni 2025 Burundi ilitajwa kati ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kuingia Marekani, na Desemba mwaka huo Tanzania ikaongezwa. Sambamba na hayo USCIS iliagiza maombi ya raia wa nchi hizo yaliyo mikononi mwake yasitolewe uamuzi hadi yapitiwe upya, hata kama mwombaji anaishi Marekani miaka mingi. Agizo hilo halifuti ukaazi wako wala halikuondolei wajibu wa kutuma I-751 kwa wakati. Ila kabla ya kulipa dola 710 za uraia, angalia agizo limefikia wapi.

Nikiapa, uraia wa nyumbani unakwenda?

Mkenya wa kuzaliwa habadilikiwi na kitu. Katiba ya 2010 inamruhusu uraia pacha, ila aijulishe serikali ndani ya miezi mitatu. Uganda, Rwanda na Burundi zinaruhusu pia, kila moja kwa utaratibu wake. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima: ukichukua wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania umekwisha, na ile hadhi maalumu inayopewa wenye asili ya Tanzania walio ughaibuni si uraia. Katiba ya Kongo ya 2006 nayo inasema uraia wake haushirikiani na mwingine. Mwenye shamba au kiwanja Tanzania aulize mambo ya ardhi kabla ya kiapo, si baada.

Nimeulizwa kwenye ofisi ya leseni kama nataka kujiandikisha kupiga kura.

Jibu ni hapana hadi siku ya kiapo. Tiki moja iliyowekwa haraka hapo kaunta inaweza kuua N-400 na kukuletea kesi. Kama ilishawekwa, wakili kwanza.

Baada ya kiapo, nitaletewa kadi ya miaka kumi?

Huihitaji tena. Kama I-751 na N-400 zimepita siku moja, huenda hutaiona kamwe. Kadi yako ya zamani wataichukua mlangoni, utaondoka na cheti cha uraia. Kagua herufi za jina na tarehe ya kuzaliwa kabla hujatoka ukumbini, omba pasipoti wiki hiyo hiyo, na nenda ofisi ya Social Security wabadilishe hadhi yako kwenye kumbukumbu zao.